Habari Niliyowaficha Waafar

Mke wangu, Mama Bahati, hakutaka niondoke kijijini kwetu Muheto. "Ata ng'ombe za Muheto hujazimaliza, njo unaenda kudunga sindano za wengine?" Lakini dokta wa mifugo, Mbelgiji niliyemfanyia kazi milimani kwetu Masisi, Kongo, alikuwa ameitwa Uhabeshi kusaidia kuzuia sotoka, ule ugonjwa unaofagia zizi zima. Alitaka mtu anayejua kumshika fahali bila kumkasirisha. Mtu huyo ni mimi. Sijisifu, waulize fahali wenyewe.

Jumatatu tulipanda lori, tukapita Sake na Goma, kisha siku nyingi za vumbi hadi Nairobi. Kutoka hapo, ndege. Nilifumba macho nikasali tangu ilipopaa hadi ilipotua, na dokta akanicheka.

Addis Ababa kulikuwa na baridi kama ya kwetu. Mdomo watu wa huko wanauita af. Tulipoteremka kwa treni hadi Awash, kwenye joto la kukausha mate, Msomali muuza chai naye alisema af, na Waafar, wafugaji wa nyika ile tuliowaendea, vilevile. Wenyewe hawaelewani, ila nadhani lugha zao zilichunga pamoja zamani.

Awash tulipakia chanjo kwenye masanduku ya barafu. Tulifuatana na Hamadu, Mwafar aliyewahi kufanya kazi melini hadi Mombasa na kujua Kiswahili cha huko. Kambi ya kwanza tulichanja vizuri, lakini kesho yake mtamba mmoja alikufa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tulifika kambi kubwa yenye nyumba za mikeka na ng'ombe wa kutamanisha. Sotoka ilikuwa imeshafika bonde la pili kutoka hapo. Barafu yetu ilibaki ya siku ile tu. Ikiisha, chanjo inaharibika. Mzee wa kambi alikaa chini mbele yangu, jambia kiunoni, akauliza habari. Nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri Masisi: "Habari iko muzuri tu, Papa."

Hamadu akatafsiri. Mzee akanyanyuka, akaenda zake. Hakuletwa hata ndama.

"Umemdanganya," Hamadu akaniambia. "Habari ya mtamba ilifika hapa jana. Sisi tukikutana tunakaa, tunapeana habari yote, njema na mbaya. Ndiyo dagu. Anayeficha haaminiki tena."

"Kwetu tunaanzaka na ya muzuri. Ya mubaya inakuya nyuma."

"Basi mfuate uimalize."

Niliona aibu, na hasira pia, maana Hamadu angeweza kuniambia mapema. Nilimfuata mzee hadi mlangoni pake, nikakaa mavumbini, Hamadu kando yangu. Nikaanzia Muheto: mke wangu alivyonuna, barabara, ndege niliyoiogopa. Hapo mzee alicheka kidogo. Nikafika kwa mtamba.

"Nilimudunga mimi mwenyewe. Alikuwa anakohoa, na mugonjwa hadungwi, niliona, nikamudunga tu. Ni kosa yangu. Na leo moja ao mbili zinaweza kufa na hii sindano. Lakini sotoka ikifika, hamutabakia na kitu."

Mzee aliuliza mtamba alikuwa wa rangi gani. Mwekundu, nikasema, mwenye baka jeupe kwenye paji. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kunipa habari zake, mvua, malisho, ndoa, vifo. Barafu inayeyuka, nami sithubutu kunyanyuka.

Saa nane ng'ombe walianza kuja, wakaja mpaka vumbi likaficha lori. Tulidunga hadi mikono ikavimba, na chupa ya mwisho iliisha barafu ikibaki vipande vya kuhesabika. Nilifurahi nikaimba wimbo wetu wa kuita ng'ombe, na Waafar wakaitikia wasichokijua. Baadaye Hamadu alituletea habari Awash: sotoka ilipita kambi ile bila kuwagusa.

Nilirudi Muheto nimekonda, nikiwa na furaha tele. Mwezi uliofuata tulipeleka chanjo Kibabi, hukohuko Masisi, ambako watu walificha ng'ombe msituni kila waliposikia lori la dokta. Nilikaa chini, nikaanza na ng'ombe waliokufa mikononi mwangu, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja aliniangalia sana.

"Wa kwanza kutuambia kweli njo wewe," akasema, akaingia msituni kuleta ng'ombe zake.