Riwaya Arobaini na Sita na Komeo Moja

Saa tatu na robo asubuhi, mama wa miaka sitini na mbili ameketi mbele ya mashine yake ya taipu, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, na anamzika mtu. Mazishi hayaendi vizuri. Jeneza limeshafika makaburini, wabebaji wameshachoka, ila mwenye shughuli amekwama.

"Baba," anaita bila kugeuka, "mtu akifungiwa ndani ya jeneza lenye kufuli, atalifungua kwa muda gani?"

"Jeneza haliwekwi kufuli, mama," anajibu mumewe kutoka kwenye kiti cha dirishani. "Aliyemo anakwenda wapi?"

"Ndiyo sura nzima hiyo."

Mzee anakuna kidevu. Amekuwa fundi kufuli kwa miaka arobaini, na swali la kazi halipuuzi hata likitoka kaburini. "Ana waya?"

"Ana kipini cha nywele."

"Basi mpe dakika kumi. Na jasho limtoke, usimfanye hodari sana."

Mashine inaanza tena kulia. Ndivyo zilivyoandikwa riwaya arobaini na sita za upelelezi na za kutisha katika nyumba hii ya vyumba vitatu. Pale mtaani mwandishi wake anaitwa Mama Jeneza, na watoto humwamkia kwa adabu zote wakiwa upande wa pili wa barabara.

Ukimwona hutaamini. Ni mama mpole, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kitoto. Ameshaua watu mia mbili na kumi na moja vitabuni, amewahesabu mwenyewe, lakini mende akikatiza sakafuni anapanda juu ya kiti na kumwita mumewe.

"Mimi ni mwoga," anasema, wala haoni haya. "Ila mume wangu ananishinda. Bila woga wake nisingekuwa mwandishi."

Hapo ndipo penye hadithi yenyewe.

Miaka thelathini na moja iliyopita alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya mizigo. Saa ya chakula wenzake walipotoka, yeye alibaki akiandika riwaya yake ya kwanza nyuma ya fomu zilizoharibika. Ilikuwa ya upelelezi mtupu: karani wa duka anapewa sumu katika sura ya pili, mpelelezi anamsaka muuaji, basi.

Iliandikwa kwa vipande, leo kurasa mbili, wiki ijayo moja. Alipofika sura ya kumi na moja alihitaji mtu wa kuleta ufunguo wa stoo. Akili ikamletea karani wa duka. Karani akabisha hodi, akakabidhi ufunguo, akaomba maji ya kunywa. Mwandishi alikuwa amesahau kabisa kwamba yule bwana keshakufa na keshazikwa.

Jioni hiyo akampa mumewe asome. Fundi akasoma kimya, mara akasimama, akaenda mlangoni, akasukuma komeo. Kisha akarudi kitini, uso umempauka.

"Nikamuuliza, vipi? Akaniambia, 'Huyu mtu anakunywaje maji na amekufa?'" anasimulia Mama Jeneza, na mpaka leo anacheka akishika mbavu. "Nikaona aibu. Nikachukua kifutio nimfute. Mume wangu akanishika mkono. Akasema, 'Ukimfuta huyo, mimi sisomi tena kazi yako.'"

Karani akaachwa aendelee kunywa maji. Riwaya ile ikauzika kuliko mchapishaji alivyotarajia, na malipo yake yakaezeka nusu ya paa linaloonekana leo, mabati ishirini na mawili. Tangu hapo vitabu vya Mama Jeneza vina mpelelezi kama kawaida, lakini maiti wake hawatulii.

Ukazuka pia utaratibu ambao haujavunjwa hata mara moja. Kila mswada ukikamilika, msomaji wa kwanza ni fundi. Kila anapoinuka kwenda kuhakikisha komeo, mkewe anachora mstari mwekundu pembeni mwa ukurasa. Mswada wenye makomeo matatu unakwenda kwa mchapishaji. Ukipata mawili, unarudi mezani. Kitabu cha thelathini na tatu kilipata saba, na fundi alikataa kwenda kuoga peke yake siku mbili.

Komeo lenyewe lipo hapo mlangoni. Alilichonga mwenyewe kwa chuma, refu kama kiganja, na likisukumwa linatoa mlio mzito unaosikika hadi jikoni.

Sasa ni miezi minane tangu lilipoinukiwa mara ya mwisho.

Presha ya macho ilimwanza fundi polepole, akawa anafanya mzaha kwamba funguo zinapungua meno. Alipofika kwa daktari, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili liko njiani. Daktari hakuzunguka. Alimwambia lililopotea halirudi.

Riwaya ya arobaini na saba ikamkuta haoni. Mkewe akamsomea kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fundi hakuinuka. Akaiandika upya, akamsomea tena. Hakuinuka.

"Nilimuuliza, huogopi? Akasema, 'Ni nzuri, mama, endelea.'" Mama Jeneza anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni, ingawa ni safi. "Nzuri. Miaka yote hii hajawahi kuniambia kitabu changu ni kizuri. Nikajua nimekwisha."

Fundi naye ana utetezi wake. "Tatizo ni msomaji," anasema. "Mama akikaribia pabaya anameza mate kwanza. Nikisikia tu lile funda, najua maiti yuko mlangoni. Sasa nitashtuka nini?"

Mkewe hatabasamu. Mchapishaji anautaka mswada mwisho wa mwezi, naye ameshakata shauri: utasomwa mara moja zaidi, na usomwe na mtu mwingine. Ukikosa makomeo matatu hautoki humu ndani, na mashine itafunikwa moja kwa moja. Kifuniko chake kipo tayari juu ya kabati, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Siwezi kuwauzia watu woga ambao nyumbani kwangu haupo," anasema. "Huo utakuwa utapeli."

Jumamosi, saa tisa alasiri, msomaji huyo anaingia. Ni binti yao wa pekee, muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye hajawahi kumaliza hata kitabu kimoja cha mama yake. "Kazini nawaona wa kweli," anasema akivua viatu. "Sina haja ya wa kutungwa." Anaurudishia mlango, anaketi, anaweka mswada magotini na kuanza.

Anasoma kama anayekabidhi zamu. Hapandishi sauti wala haishushi. Mjane amerudi kutoka mazishini, saa kumi na moja jioni. Mjane amevua viatu. Mjane amefunga mlango na kuweka maji jikoni. Mama Jeneza ameshika tama, penseli nyekundu imelala mezani. Fundi katulia kitini, mikono imekamata egemeo.

Ukurasa wa nane unapita, fundi haendi popote. Wa ishirini unapita. Mama Jeneza anatazama kifuniko juu ya kabati.

"'Ikabishwa hodi,'" binti anasoma kwa sauti ileile kavu. "'Mjane akaenda mlangoni. Akakuta komeo limefungwa kama alivyoliacha. Alipolishika, hodi ya pili ikabishwa nyuma yake.'"

Binti anageuza ukurasa, anaurudisha. Kisha anauweka mswada chini, anainuka, anakwenda mlangoni na kulisukuma komeo. Mlio wake unajaa chumba kizima.

"Moja," anasema fundi.

"Hiyo haihesabiki," anasema mkewe. "Siyo wewe."

"Na amekosea vilevile," fundi anaendelea. "Yule yuko ndani. Sasa umetufungia naye, mwanangu."

Binti anaangua kicheko, huku mkono mmoja ungali kifuani. Mama yake hacheki. Anamgeukia mumewe. "Na wewe kwa nini hukuinuka?"

Vidole vya mzee vinatembea juu ya egemeo la kiti.

"Nilitaka kuinuka ukurasa wa nane," anasema. "Tena palepale pa maji ya jikoni, maana najua nani huja kuomba maji. Sasa kati yangu na mlango kuna stuli, kuna meza yako, kuna na ule mkeka unaojikunja. Nikinyanyuka mtaniona napapasa ukuta kama mwizi. Nikaona heri niogope nimekaa."

"Hata nilipokusomea mimi?"

"Hata wewe."

"Mara ngapi?"

"Ya kwanza, nne. Ya pili, tano, maana nilishajua kinachokuja."

Hapo Mama Jeneza analia, wala hafichi. "Miezi minane," anasema. "Miezi minane nadhani nimekwisha."

"Na mimi nilidhani nimekwisha," anasema mumewe.

Binti anasimama katikati yao, mtu anayewafunga watu vidonda kila siku, na leo hajui ashike wapi. Mwishowe anaukunja mkeka, anaondoa stuli na kukivuta kiti cha baba yake na baba mwenyewe yumo, hadi ukutani kando ya mlango. Kutoka hapo komeo liko umbali wa mkono. Kisha anauokota mswada na kuendelea kusoma.

Jumatatu mswada unakwenda kwa mchapishaji ukiwa na mistari mitano myekundu. Mmoja ni wa muuguzi, minne ya fundi. Baada ya mabishano marefu imeamuliwa kwamba unahesabiwa, na tena kwamba kuanzia sasa yeye ndiye msomaji rasmi, kila Jumamosi asiyokuwa na zamu.

Kifuniko kimerudi kabatini. Kwenye mashine ipo karatasi mpya, kichwa chake "48". Mama Jeneza anasema anataka kufikisha riwaya hamsini kabla mikono haijachoka, na hii mpya itakuwa na fundi kufuli asiyeona, atakayemkamata muuaji kwa kusikiliza mlio wa funguo zake.

"Sina neno," anasema fundi kutoka kiti chake cha mlangoni. "Ilimradi usiniue sura ya pili."

"Nikikuua sura ya pili," mkewe anamjibu, vidole vimeshaanza kugonga, "sura ya kumi na moja utabisha hodi, uombe maji."

Mzee anacheka. Anacheka kitambo. Kisha mkono wake unapanda taratibu ukutani, unalifikia komeo, na kulisukuma.