Pingamizi Dhidi ya Jiko la Mama

Daftari hili nalificha chini ya godoro, kwa hiyo humu sina sababu ya kujipamba. Ile barua niliiandika mimi.

Kiwanja chetu kiko pembeni mwa Kayanga. Kimepimwa, na kwenye hati yake kuna sharti moja: makazi tu. Ukitaka kufanyia biashara lazima uombe kubadilishiwa matumizi, na majirani waulizwe. Zamani mama alikuwa anapikia kwenye kibanda cha kupanga karibu na stendi. Mwenye eneo alipotaka kujenga, vibanda vyote vikaondolewa. Tangu hapo mama akawa anapika nyumbani, anabeba chupa za chai na ndoo ya maandazi, anazungusha maofisini mpaka mchana. Tuko wawili tu, baba alifariki nikiwa mdogo.

"Wakinikubalia," alisema siku aliyojaza fomu, "najenga banda hapa mbele, watu wanifuate wao. Hii miguu imechoka, mwanangu."

Nilimwitikia vizuri tu. Lakini njia ya shuleni kwetu inapita hapohapo mbele, na mimi niko kidato cha tatu, na wenzangu nilikuwa nimewaambia mama yuko ofisini. Sikuwaambia anafanya nini huko ofisini.

Likaja bango. Likachomekwa kwenye kona ya kiwanja, likieleza kwamba mwenye nyumba anaomba kubadili makazi kuwa makazi na biashara, na mwenye pingamizi aandike kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku hiyo tulikuwa tunatoka shule kama sita hivi. Mvulana mmoja wa darasani kwetu, anayependa kusoma kila kitu kwa sauti ya mtangazaji, akasimama.

"Oya, njooni! Hapa kunafunguliwa mgahawa! Tutakuwa tunakopa maandazi. Kwani hapa ni kwa nani?"

Wakaniangalia mimi, maana mimi ndiye ninayekaa maeneo hayo.

"Sijui," nikasema.

Nilisema sijui nikiwa mbele ya nyumba yetu, sketi yangu ya shule ikining'inia kwenye kamba nyuma ya lile bango. Nikapitiliza nao mpaka dukani, nikasubiri wapotee, nikarudi.

Jumamosi nikaandika, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Kazi ilikuwa kupata sababu. Ya kweli isingeandikika. Nikaazima ya jirani yetu, mama anayeuza vitenge, ambaye wazazi wake walitokea Tanga. Jiko la mama likiwaka, yeye huwa anapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua:

"Jirani! Leo umenifukizia vitenge vyangu! Mteja atavaa doti inanukia maharage!"

Na mama humjibu, "Mwambie mboga ni ofa!" Wanacheka wote wawili mpaka wanakohoa.

Basi nikaandika kwamba moshi unaingia ndani na kuharibu nguo za watu. Chini nikaweka JIRANI. Jumapili, nikienda kwaya, nikaipitisha chini ya mlango wa ofisi ya mwenyekiti.

Katikati ya wiki mwenyekiti akaja nayo mkononi. Akamwambia mama kwamba haina jina lakini hawezi kuificha, afisa ardhi ataiulizia kwenye kikao. Akaiacha juu ya kigoda. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Nisomee, mwanangu, mikono imejaa utomvu."

Nikasoma barua yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye nguo za watu, kisu kikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kumbe," akasema, akaangalia upande wa ua. Halafu akaendelea kumenya. Ningeweza kusema pale pale. Nilikunja barua nikaiweka kwenye kabati kama mtoto mwenye adabu.

Kati ya mama na yule jirani kuna bakuli moja la bati, jeupe lenye mfuniko, ambalo sijui hata lilianza kuwa la nani. Likienda kwake lina ndizi na maharage, likirudi lina pilau, au tende wakati wa mfungo. Halijawahi kutembea tupu. Wiki ile lilikuwa kwetu.

"Mrudishie bakuli lake," mama akasema.

"Niweke nini?"

"Nimesema mrudishie bakuli."

Jirani alikuwa ameketi kwenye mkeka anakunja vitenge. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeniletea nini?" Akafunua. Akaangalia ndani muda mrefu, kana kwamba kuna kitu kimeganda chini. "Mama yako anaumwa?"

"Hapana."

"Basi nimemkosea nini? Niambie, maana huu mdomo wangu hauna breki."

Alikuwa anajilaumu yeye. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, hata ile ya "sijui".

Nilitegemea anipe pole. Akafunika bakuli kwa kishindo. "Utani wangu na mama yako ukaufanya mashtaka? Sikiliza. Naenda kutafuta viatu vyangu. Nikivipata kabla hujamwambia, nakuja kumwambia mwenyewe."

Nilimkuta mama anasugua sufuria. Nikasema. Hakugeuka.

"Kwa hiyo shida si moshi."

"Si moshi, mama."

"Shida ni mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Mama akafuta mikono kwenye kanga akazunguka ua kwenda kuomba radhi kwa kosa langu. Nilitega sikio nisikie kicheko. Sikukisikia.

Mwenyekiti alisema pingamizi huondolewa na aliyeliweka. Kwa hiyo kwenye kikao nilisimama mbele ya watu, na safari hii nikaandika jina langu. Afisa ardhi akaniuliza, "Binti, huo moshi ulikuathiri vipi?" Watu wakacheka. Mama akasema, "Ni mwanangu huyo. Alikosea," akakaa. Tukasubiri, mwishowe sharti likabadilishwa. Tuliambiwa tuweke bomba la moshi. Jirani naye bakuli amelileta, lina tende, ingawa sasa akinipa ananitazama kwanza.

Banda likajengwa, na siku ya kwanza wenzangu kuja kula, niliingia nikiwa katikati yao. Mama akatuona. Akasema, "Karibuni. Na wewe binti, karibu, kaa." Aliniita hivyo kama mteja wa njiani. Alikuwa ananificha, kama nilivyotaka. Akaniletea sahani kwa mikono miwili.

"Mbona wewe umejaziwa?" yule mtangazaji akauliza.

"Ni mama yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Mama alikuwa ameshageukia jiko. "Kama ni hivyo, maji ya kunawa yamekwisha. Vua sweta la shule ukachote."

Nikachota. Lakini hilo jina la binti halijaisha. Kila mchana kabla hawajafika huwa ananiuliza, "Leo wewe ni nani, binti au mwanangu?" Anauliza huku anacheka. Mimi huwa nainama kutafuta ndoo.