Poda Nyuma ya Sikio

Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Mama Lydie alirudi nyumbani msafi kupita kiasi, na mimi hapo hapo nikashuku. Mtu hatoki mjini siku kama ile, na vumbi lote hili la Kabondo, uso umeoshwa na kitambaa cha kichwa kimefungwa upya. Nilikuwa mlangoni kwangu nachambua pondu, majani ya muhogo. Nikamsalimia, akapita kama hakusikia. Lakini nyuma ya sikio, pale ambapo mkono wa mwenye haraka haufiki, palikuwa na weupe.

Kwetu aliyefaulu anamwagiwa poda, ile ya watoto wachanga. Anamwagiwa kichwani, mabegani, mpaka utadhani ameangukia gunia la unga, kisha anazungushwa mtaani watu wakiimba. Hakuna anayejipangusa siku hiyo. Anayejipangusa ana sababu, na sababu ya Mama Lydie ilikuwa imekaa ndani inalia.

Lydie ni binti yake wa pekee. Mwaka huu mama na mtoto walifanya mtihani uleule. Lydie alisoma asubuhi na vijana wenzake. Mama alisoma mchana, darasa la watu wazima, pamoja na wauza sabuni na waendesha toleka, zile baiskeli zetu za abiria. Tulimcheka, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Nilimuuliza kama atavaa na sketi ya bluu ya shule. Alicheka pia, akachukua madaftari yake, akaenda. Kule darasani mwalimu alimwita Florentine, jina ambalo mtaani hakuna aliyelitumia tangu ajifungue, na nadhani siku nyingine alikwenda kulisikia jina hilo tu.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule alipopata mimba ya Lydie. Shule ikamtoa. Aliyempa mimba alipanda mtumbwi kuelekea Isangi, na mpaka leo nadhani bado anapiga kasia. Florentine akaanza kuuza lituma. Sasa lituma, ndizi iliyochemshwa na kutwangwa, haina subira: ikipoa kabla ya kutwangwa inakuwa mabonge, na wateja watakusema mpaka ukoo wako. Na wateja wanakuja mchana. Masomo nayo yalikuwa mchana. Basi nani atwange? Lydie alirudi kutoka shule, akavua shati lake jeupe, akashika mchi.

Kumbe mchana huohuo shule ya Lydie iliwarudisha darasani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakazoezwa kwa mitihani ya zamani. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi hata siku moja. Mama alimuuliza mara moja tu.

"Benzako banarudi ku masomo. Weye je?"

"Ile yote minajua, mama. Enda tu."

Na mama akaenda. Baadaye aliniambia alijua kabisa kwamba mtoto anadanganya. Alimtazama usoni, akaona, akaondoka kwa sababu alitaka kuondoka. Hilo linamla mpaka leo, na mimi sina dawa ya kumpa.

Basi siku ile ya matokeo Lydie alianguka mtihani. Alimpigia mama simu akilia. Mama wakati huo alikuwa shuleni kwao, mweupe toka kichwani mpaka viatuni, amebebwa juu juu na wenzake. Alishuka mabegani mwao, akakimbia mpaka kwenye bomba la maji, akajiosha mbele ya watu wenye ndoo zao. Alipoingia nyumbani nilisikia kila kitu, maana kuta zetu ni jina tu.

"Na weye, mama?"

"Na miye nilianguka, mutoto yangu. Tutarudilia pamoja."

Niliacha pondu. Nilitaka kupiga kelele: mwongo! Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia.

Muda si mrefu nikasikia sufuria zinagongwa barabarani. Ni Papa Bavon, mzee wa toleka aliyekuwa akisinzia kila somo la historia, na nyuma yake darasa zima, weupe wote. Mkononi alikuwa na kopo la poda.

"Florentine iko wapi? Alikimbia fête yake, sherehe yake mwenyewe! Alipita shiye bote kwa alama, na miye pia!"

Mama Lydie alitoka mbio akiwapungia mikono wanyamaze. Walidhani anacheza. Wakazidi kuimba. Kisha Lydie akatokea mlangoni na macho yake mekundu, na wimbo ukafia midomoni mwao.

"Ulifaulu," Lydie alisema.

"Lydie, sikia..."

"Ulifaulu, na uko nanidanganya?"

"Nilisikia haya kukuambia. Ni miye nilikuangusha. Ile mchana yote ilikuwa ya weye, na miye nilikunyanganya."

Lydie alitikisa kichwa. "Haukuninyanganya. Miye nilikupa. Tangu niko mudogo unasemaka: kama haikukuwa mimba ya Lydie, leo niko mwalimu. Unacheka, batu banacheka. Miye sikuchekaka, mama. Alors, basi nilikurudishia ile masomo. Na weye unaenda kuosha ile yote ku bomba?"

Utani ule naujua. Mama Lydie aliutoa kwa kila mteja aliyemsifia hesabu zake, na mimi nimeucheka miaka yote huku nikila lituma yake. Sikuwahi kumtazama mtoto aliyekuwa anaosha sahani pembeni.

Mama Lydie alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alikuwa amejiandaa kwa hatia ya mwaka mmoja, akaletewa nyingine yenye umri wa binti yake. Lydie alichukua kopo mkononi mwa Papa Bavon, akammwagia mama yake poda yote, polepole, huku analia. Machozi ya wote wawili yaliifanya uji. Hakuna aliyeimba.

Sasa shule zimefunguliwa. Lydie anarudia mwaka wa sita, ule wa mwisho, na mchana anabaki shuleni na wenzake. Mama yake ameitwa kufundisha watoto wa shule ya msingi, akajibu mwakani. Anatwanga mwenyewe. Wateja wanamtania, wanamwita Mwalimu.

Jana mmoja alimuuliza ilikuwaje akachelewa hivyo kumaliza shule. Lydie alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na madaftari yake. Nilimwona mama yake amefungua mdomo kwa mazoea, halafu akaufunga. Akageuza mchi mkononi.

"Nilikuwa muvivu," akasema. "Muvivu tu." Na akaendelea kutwanga.