Pampu ya Mzee wa Malambo

Mama yangu alilima vibuyu. Mahindi yalikuwepo, maharage yalikuwepo, lakini fahari yake ilikuwa vibuyu virefu vyenye shingo nyembamba, ambavyo akina mama wa Kimaasai walivipenda kwa maziwa. Vikikauka tulimpakia punda, mimi na mjomba, tukapanda njia ya msituni kuelekea Ngorongoro kuvibadilisha kwa mbuzi na ngozi. Safari moja punda alinusa kitu, sijui simba, sijui uvivu wake tu, akajitupa chini na mzigo mgongoni akagaagaa. Vibuyu vilipasuka kama bisi. Mjomba alimtukana punda yule kwa Kiiraqw chetu, akamtukana kwa Kiswahili, matusi yalipomwisha akakaa chini akacheka.

Tulifika bomani na vibuyu vya kuhesabia vidole, akina mama wakatucheka mpaka wakatuletea maziwa. Halafu mvua ikashuka, njia ikawa utelezi mtupu, tukakwama huko. Nilichunga ndama na watoto wa boma lile masika yote. Niliposhuka nyumbani nilikijua Kimaasai kuliko nilivyojua kusoma, maana shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusunusu.

Kimaasai hicho ndicho kilichoniingiza kwenye mambo ya pampu.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa nakamua ng'ombe wa hospitali moja ya misheni upande wetu wa Karatu. Hospitali siku hizo ilifuga, wagonjwa wapate maziwa. Kulikuwa na dume mmoja pale, mbaya, alinikanyaga dole la mguu na mpaka leo halikunji. Lakini hayo mengine. Asubuhi moja nakamua, nikasikia naitwa kutoka wodi ya wanaume: yule wa ng'ombe aje, aache ndoo. Aliyeita ni nesi wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, sote tukimwita Sista.

Kitandani alikuwa ameketi mzee wa Kimaasai, mabega juu, anavuta pumzi kwa filimbi. Alikuwa ameletwa na lori kutoka Malambo, mbali huko ng'ambo ya Ngorongoro, pumu imembana karibu imtoe roho. Walimchoma sindano akapata nafuu, na sasa alitaka kwenda kwake. Akanieleza sababu, na nilipoisikia nilimwelewa. Mwanawe wa mwisho alikuwa anasubiri tohara. Wenzake wa rika wako tayari, siku inakaribia, na yeye baba asipokuwepo langoni mwa boma, mahali pake atasimama mdogo wake, mtu ambaye hasalimiani naye. Alisema afadhali afie njiani kuliko yule asimame pale pake.

Sista akasema, vizuri, lakini Malambo hakuna daktari. Akatoa mfukoni kitu kidogo cha plastiki chenye kichupa cha bati ndani. Alikiita pampu, na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona. Dawa imo humo kama hewa, akasema, inakwenda moja kwa moja kifuani. Mzee akiweza kuitumia mwenyewe, yeye Sista akimtazama, bila kukumbushwa, siku hiyohiyo ataondoka. Asipoweza, haondoki.

Basi nikaona ni kazi ya dakika mbili. Weee.

Sista akaonyesha kwa kichupa kilichokwisha: tikisa, toa kifuniko, pumua nje mpaka kifua kiwe kitupu, bana midomo, anza kuvuta taratibu na hapohapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta, kisha zuia pumzi. Nikatafsiri. Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akachukua ile yenye dawa, akaichomeka puani.

Na mimi simlaumu. Tangu ujana wake kitu chochote kidogo cha kuvuta kilikuwa ugoro, na ugoro una mlango wake. Akabonyeza, akapiga chafya, machozi yakamtoka, wodi nzima ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe akasema ugoro wa wazungu hauna nguvu.

Tukamhamishia mdomoni. Hapo akawa anabonyeza kwanza ndipo anakumbuka kuvuta, dawa inamtoka mdomoni kama moshi wa sigara. Sista anasema tena, natafsiri tena, na ng'ombe huko nje wanalia viwele vimejaa.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa kali. Nafika wodini nakuta wazee wamekaa kwenye benchi nje juani, na pampu inapita mkono kwa mkono. Mmoja ana mguu uliovunjika, mmoja ana tumbo, wote wanavuta. Yule wa mguu mikono ilikuwa inamtetemeka, anasema moyo wake unakimbia kama punda. Sista akatokea. Akaichukua, akaniambia nimweleze mzee kwamba dawa hii ni ya kifua kimoja tu. Hawa haitawasaidia, itawaumiza, na kila wanachovuta wanampunguzia yeye.

Mzee aliudhika kwelikweli. "Layoni," akaniambia, na layoni ni kijana asiyetahiriwa, mimi mtu mwenye mke na watoto, "huyu mama anataka niketi na watu nile peke yangu?"

Hapo nikaelewa kosa liko wapi. Mtu anayevuta ugoro asiwapitishie wenzake ni mchoyo, hana adabu. Nikamtazama, mdomoni ana mswaki wake wa mti, anautafuna. Nikamwambia, "Baba, nipe huo mswaki nitafune kidogo."

Akanitazama kama nimerogwa. "Mswaki wangu?"

"Ndiyo. Na nikimaliza nimpe yule wa tumbo."

Akacheka mpaka filimbi ya kifua ikarudi. Akanyoosha mkono akaidai pampu yake kwa Sista, na tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Likabaki la kuzuia pumzi. Sista anataka azuie mpaka hesabu ya kumi. Natafsiri kumi, mzee ananiuliza kumi ya nini. Nahesabu kwa sauti, anaachia kabla hatujafika nusu. Wamaasai wa umri wake hawakupenda kuhesabu mali. Mfugaji hahesabu, anawatazama ng'ombe wanaingia na anajua nani hayupo. Nilipolikumbuka hilo nusura niruke. Nikamwambia, fumba macho, na ukishavuta dawa, waingize ng'ombe wa mke wako mdogo bomani, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Akatikisa. Akapumua nje. Akavuta polepole, akabonyeza palepale panapotakiwa, akafumba macho. Tukangoja. Tukangoja. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti. Sista akaanza kuniangalia kwa wasiwasi, akasema inatosha, inatosha, mwambie aachie. Ndipo akaachia, taratibu, amefurahi.

"Kuna mtamba mmoja mkaidi," akasema, "alikataa langoni."

Nilimtafsiria Sista, akaenda kusimama dirishani ametupa mgongo, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Siku hizi mjukuu wangu naye ana pumu. Ana pampu mbili, ya kila siku na ya kubanwa, na akitumia ile ya kila siku anasukutua kinywa. Sista alitufundisha kukitumbukiza kichupa kwenye bakuli la maji, kikielea kimekwisha. Daktari wa mjukuu anasema hilo tuliache, si la kuaminika. Sawa. Ila kuvuta ni kulekule.

Turudi kwa mzee. Asubuhi ya mwisho moshi wa kuni za jikoni uliingia wodini, mzee akabanwa. Sista alikuwa mlangoni, akanishika mkono nisiseme neno. Mzee akaketi wima, akafanya yote, moja baada ya jingine, macho yamefumbwa. Akapumzika kidogo, akatikisa tena, akarudia. Filimbi ikapungua, ikapungua, ikakata. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, na maziwa yote yalikuwa yamenimwagikia miguuni.

"Mwambie aende," Sista akasema.

Lakini alimshika kwanza kwa maneno, nami natafsiri mbiombio: asilale karibu na moto, pampu isikae karibu na moto, ugoro auache, akivuta na hapati nafuu asiendelee kubonyeza tu bali aletwe mbio, na aje kuchukua nyingine kabla hii haijaisha. Mzee akaitikia kila moja. Aliifunga pampu kwa ukanda wa ngozi akaivaa shingoni, chini ya shuka yake ya lubega.

Sista alitaka angoje lori. Mzee akasema lori ndilo lililomleta akiwa maiti, atarudi akiwa mtu. Akaniaga kwa kuniita layoni tena, akachukua fimbo, akapita zizini akawatazama ng'ombe wangu mmoja mmoja, akatoka getini, akashika barabara ya kupanda Ngorongoro, hatua ndefu, shuka inapepea, na hakurudi tena, hata kuchukua pampu nyingine, wala sikupata kujua kama aliwahi langoni.