Himyar na Baridi Inayounguza

Himyar bin Taimur alirudi Tanga mwaka 1956, akitokea Uingereza alikokuwa akisomea elimu ya joto na baridi. Alimkuta baba yake, Mzee Taimur, hawezi, yu kitandani. Himyar alikuwa amefuata jambo moja tu: radhi. Masomo yalikuwa bado, na hakutaka kuvuka bahari tena bila dua ya baba yake.

Alasiri moja mama yake, Bi Harusi, alikuwa akichemsha kahawa. Mzee akauliza, "Hasa huko unafanya kazi gani?"

Himyar akaonyesha birika. "Haya maji, Baba, yanatoa mapovu kwa kuwa joto linakusanyika chini. Sisi tuna gesi iitwayo heli. Tunaipoza mpaka inakuwa maji, tunaipoza tena, na ghafla mapovu yanakatika. Inatulia tuli. Joto halipati pa kukusanyika. Ukilitia upande huu linapita kama wimbi hadi upande wa pili. Mimi napima mwendo wa wimbi hilo."

"Basi hayo maji hayaivishi hata muhogo," akasema Bi Harusi. "Ukioa, mkeo atakufa njaa!"

Wakacheka, hata mgonjwa. Kisha mzee akauliza, "Na mtu akitia mkono humo?"

Himyar hakuweza kumwongopea. "Ataungua, Baba. Baridi yake inaunguza kama moto."

Kicheko kikakatika. Tangu utotoni, katika darsa za msikitini, Mzee Taimur alikuwa akisikia habari za zamhariri, baridi ya Jahanamu ambayo adhabu yake haipungui ya moto.

"Zamhariri," akasema taratibu. "Mmekwenda kuichokoza."

"Hapana, Baba. Ni gesi tu, kaiumba Mungu kama alivyouumba upepo."

"Umesema mwenyewe inaunguza. Sikupi radhi uende kwenye adhabu kwa miguu yako. Baki hapa, nikuradhie sasa hivi."

Pumzi za mzee zilikuwa zimeanza kukatika. Himyar alimtazama mama yake, naye akainamisha uso. Akapiga magoti, akaubusu mkono wa baba yake, akaahidi kubaki. Mzee akamwombea huku akilia.

Mzee hakuufikia mwezi wa Ramadhani. Baada ya hitima, Shehe Hatibu wa msikiti wao alimvuta Himyar pembeni.

"Zamhariri ni ya Akhera, mwanangu. Mwingereza hawezi kuitia chupani. Marehemu alikosea. Panda basi la Mombasa ukatafute meli."

"Alikosea juu ya baridi, Shehe. Na ahadi yangu kwake?"

Shehe Hatibu akakuna ndevu. "Angekuwa hai, ningemwomba akufungue."

"Sasa nani atanifungua?"

Himyar akabaki, akafundisha hesabu, na habari za heli hakuzitaja tena. Mwaka 1959 homa ikamchukua, akiwa bado kijana. Alikufa na radhi ya baba yake, na hilo ndilo tunalolishika sisi jamaa zake. Lakini Bi Harusi, kila akiinua mikono kuomba, humwombea kwanza mumewe msamaha kwa ahadi ile, ndipo amwombee mwanawe.