Runinga Iliyomfungia Mama Mlango

Jamani, mkosaji ni mimi, wala msinitetee. Tabia yangu ya kumshuku kila mtu imeniponza!

Mama yetu anaishi peke yake kijijini Olmotonyi. Sisi watoto tukaamua kumnunulia runinga bapa, awe anaangalia ibada na kwaya. Dada yangu, ambaye ndiye humtembelea mara kwa mara, akaniambia dukani, "Kaka, chukua hii LED ya kawaida, ina mwanga mkali. Mama hafungi mlango mchana."

Ehe! Mbona anaipigia debe hivyo? Na muuzaji nilimwona akimchekea. Nikajua wana lao. Nikamuuliza Dada mbele za watu, "Wamekuahidi nini hawa?"

Dada akatoka dukani.

Nikachukua OLED, ile aina ya bei ghali zaidi. Kwenye kona ya giza pale dukani, weusi wake ulikuwa weusi kweli, na rangi zilimeremeta. LED pembeni yake ilionekana imepauka. Nikajiona mjanja kuliko wote!

Loo! Kwa Mama mlango uko wazi, mwanga wote unaingia. Kioo kikawa kinaonyesha migomba ya nje na Mama mwenyewe kitini. Kwaya haionekani.

Nikubali kosa? Thubutu! Nikamwambia afunge mlango na mapazia. Akasita. "Mwanangu, watu watasemaje?" Nikamjibu aachane nao, majirani hao wanafuata chai tu.

Na desturi niliijua! Kwetu mzee akifunga mlango mchana, maana yake hataki mtu. Majirani wakapiga hodi mara chache, Mama hasikii kwa sauti ya runinga. Wakaacha. Wakasema kapata runinga, kaanza maringo.

Niliporudi kumwona baada ya wiki nilimkuta gizani, kwaya inaimba. Chupa ya chai imejaa, vikombe vimefunikwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wiki nzima sijasalimiwa." Akaonyesha runinga kwa kidole. "Picha ni nzuri, baba. Lakini hii haijui kuniuliza nimeamkaje."

Nililia kama mtoto, jamani! Mlango niliufungua palepale, lakini majirani hawajarudi. Dada naye hapokei simu yangu.

Wewe unayelinganisha runinga dukani, kwanza kaangalie chumba itakapokaa. Na msikilize anayekijua. Mimi nilimtuhumu dada yangu kwamba kahongwa, na mpaka leo Mama anapanga vikombe vya wageni ambao hawaji.