Nilifungua Bahasha ya Béa

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilijua ninachokifanya.

Mimi ni mama wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Shirika fulani lilipotafuta wakufunzi wa kuwafundisha vijana wetu kujikinga na virusi vya UKIMWI, niliwekwa kuwa sekretari. Kila aliyeomba kazi alileta dosie, yaani faili ya karatasi zake, pamoja na bahasha iliyofungwa. Anayeishi na virusi aliandika humo, akitaka, maana wakufunzi wa namna hiyo walihitajika. Bahasha zilikuwa za daktari peke yake.

Nikaona jina la Béa (si jina lake la kweli). Jamani! Huyu ndiye aliyesimama kwenye matanga ya mama yangu akawatangazia wanawake kwamba mume wangu amenirudisha kwetu. Nilimzika mama huku wananicheka. Miaka minne nilikuwa namngoja.

Nikafungua bahasha yake. Nilichosoma kilinifurahisha, Mungu anisamehe.

Jumamosi walioomba walijaribiwa kwenye ukumbi wa parokia, kila mmoja akifundisha mbele ya vijana. Béa alifundisha vizuri. Watoto walicheka, wakauliza maswali, na wengi wakaandikisha majina ya kwenda kupimwa. Hapo nikanyoosha mkono.

"Béa, ambia batoto vile we mwenyewe unakunywaka dawa kila siku."

Nilitaka alie. Nilimkazia macho nikingoja machozi, lakini aliweka chaki mezani taratibu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nataka nibaambie mi mwenyewe, siku yenye nitachagua."

Akachukua mkoba wake akatoka. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Siku ya kupimwa hakuja kijana hata mmoja. Nani apeleke siri yake mahali ninapokaa mimi? Nikafukuzwa, na nilistahili, lakini si hilo linaloniumiza.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa amekaa nyuma siku ile. Tangu hapo akaacha kuja kwangu. Mwezi uliopita nilimfuata kwake, nikamwuliza nimemkosea nini.

"Yaya, mi pia niko na virusi. Ile siku nilikuwa nataka nikuambie, tukifika kwako. Sasa dawa naendaka kukamata Kasumbalesa. Ni Béa ananisindikizaka, ye alikuwa anajua tangu zamani."

Kumbe Béa alijua tangu mwanzo! Angeweza kunilipizia kisasi kwa neno moja, mbele ya watu wote, na hakulisema. Bado nina hasira naye, nisidanganye, na sasa sina hata pa kuipeleka.

Mdogo wangu ameniruhusu kuandika haya. Nyumbani kwangu haji.

Ndugu msomaji, ukishikishwa siri ya adui yako, irudishe ikiwa imefungwa. Mimi nilimlenga Béa. Aliyeumia ni mtoto wa mama yangu, na kila mwezi anapanda basi mpaka Kasumbalesa, kule mpakani, ili dawa zake zisipite karibu na mdomo wangu.